Haidrosaikloni inatoa mafuta mg 140 kwa lita: ninunue memburani au tatizo liko nyuma yake?

Kisima_cha_Nne

Wakuu salaam. Naomba mawazo ya wanaoyajua maji yanayopanda pamoja na mafuta ghafi.

Mtambo unapokea maji mita za ujazo 1,200 kwa siku, yaani 50 kwa saa. Sepereta ya awamu tatu (chombo kinachotenganisha gesi, mafuta na maji) iko kwenye bar 8 na nyuzi joto 50. Maji yake yanapita valvu ya kudhibiti kimo, yanaingia tangi la kuengulia lisilo na presha. Kutoka hapo pampu ya sentrifugo ya mizunguko 2,900 kwa dakika inayasukuma kwa bar 9 kwenye haidrosaikloni (chombo kinachozungusha maji ndani ya koni ili mafuta yajikusanye katikati na kutoka upande wake) yenye koni 16. Baada yake kuna seli nne za viputo vya gesi, kisha filta ya maganda ya jozi (walnut), kisha kisima cha kurudishia maji ardhini. Mafuta yana uzito wa kilo 850 kwa mita ya ujazo, maji 1,030.

Vipimo vya mafuta, miligramu kwa lita: kuingia tangi 600, kutoka tangi 210, kutoka haidrosaikloni 140, kutoka seli za viputo 70, kutoka filta 35. Kisima cha kurudishia kinataka chini ya 10, na presha ya kusukumia inaendelea kupanda.

Polima ya kusafishia maji ilikuwa mg 6 kwa lita. Imepandishwa hadi 15 na hali ikawa mbaya zaidi: filta inaziba kabla ya zamu kwisha na maganda yanatoka yameshikana madonge. Sasa kuna pendekezo la kuweka memburani za kauri (vichujio vyenye vitundu vidogo sana) mwishoni. Ni sawa, au ni kupaka rangi ukuta wenye nyufa?

MikroniKumi

Mkuu, memburani iweke kando kwanza. Soma njia yako tena polepole. Maji yanatoka sepereta yakiwa na bar 8, unayaangusha hadi sifuri kwenye valvu, halafu unalipia umeme kuyapandisha hadi bar 9. Katika safari hiyo umeyasaga mara mbili: mara moja kwenye valvu, mara ya pili kwenye panga za pampu. Haidrosaikloni inaletewa unga wa mafuta badala ya matone, halafu inalaumiwa.

Angalia hesabu. Kasi ya tone kupanda inakwenda na mraba wa kipenyo chake. Kwa uzito ulioutaja, na unato wa maji ya nyuzi 50 wa kama milipaskali-sekunde 0.6, tone la mikroni 60 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) linapanda mita 2.1 kwa saa. La mikroni 20 linapanda sentimita 23 kwa saa. La mikroni 10 halifiki hata sentimita 6. Ukilivunja tone moja la mikroni 60 kuwa ya 20 unapata matone 27, na kila moja linahitaji muda mara tisa kufika juu. Mafuta ni yaleyale, maabara itakuandikia 600 ileile, lakini mtambo umebadilika kabisa.

Kwa kukadiria tu: tangi la kawaida la kuengulia linashika matone makubwa, ya mikroni 150 na kuendelea. Sahani za mawimbi zilizolazwa kwa mshazari zinashuka hadi 50 hivi. Haidrosaikloni inafika 10 hadi 15. Viputo vya gesi bila kemikali vinaishia karibu 25, na kemikali sahihi inavishusha hadi 5. Ndiyo maana swali la kwanza si "mafuta ni kiasi gani?" bali "matone ni makubwa kiasi gani, na yanapungua wapi?"

Kama huna kifaa cha kupima matone, tumia faneli ya kutenganishia yenye kimo cha sentimita 20 na bomba chini, iweke kwenye maji ya moto ya nyuzi 50 ili isipoe wala kuzungusha maji ndani. Jaza sampuli kabla ya pampu, iache nusu saa, toa robo ya chini upime. Rudia kwa maji ya baada ya pampu. Ndani ya nusu saa kila tone lililozidi mikroni 26 hivi litakuwa limepanda. Ikiwa maji ya kabla ya pampu yanabaki na 60 na ya baada yanabaki na 150, basi pampu imeshajitaja yenyewe.

Angalizo moja ambalo wengi wanalisahau: bomba la sampuli nalo ni valvu. Ukichota maji ya bar 9 kupitia valvu ya sindano iliyofunguliwa kidogo, unayasaga hapohapo, na matokeo yako yanapima kidole chako, si pampu. Kwa upande wenye presha tumia silinda ya sampuli: ijaze ikiwa na presha ya bomba, isimamishe, iache itulie ikiwa bado na presha, ndipo utoe polepole kutoka chini.

Nipe pia geji tatu za presha za haidrosaikloni: ya kuingilia, ya upande wa maji na ya upande wa mafuta.

BikaSita

Nakubaliana na Mikroni kuhusu pampu, ila hiyo polima ishughulikiwe leo, haina haja ya kusubiri bomba kuhamishwa.

Matone ya mafuta kwenye maji haya kwa kawaida yana chaji hasi, ndiyo maana yanakimbiana. Polima yako bila shaka ni ya chaji chanya: inaizima ile hasi, matone yanagusana na kuungana. Ukizidisha, matone yanavikwa chaji chanya na kuanza kukimbiana upya. Kwa hiyo kipimo kina kilele, na ukishakipita kila lita unayoongeza inakurudisha nyuma. Iliyobaki bila kazi inakwenda kushika maganda ya jozi. Madonge unayoyaona ni hayo.

Jaribio la bika (gilasi za maabara) ni la dakika ishirini. Changanya mililita 10 za polima katika lita moja ya maji safi. Sasa mililita 1 ya mchanganyiko huo katika lita moja ya sampuli ni kama mg 10 kwa lita. Panga bika sita za lita moja: 0, 2, 4, 6, 10 na 15. Koroga dakika moja kwa kasi ya mizunguko 120 kwa dakika, kisha dakika tano kwa kasi ya 30, kisha acha zitulie dakika kumi. Usitazame juu, tazama maji ya chini: chota kwa bomba la sindano kutoka katikati ya bika na upime. Mara nyingi bika inayopendeza macho kwa madonge makubwa siyo yenye maji safi kuliko zote.

Sampuli iwe mbichi na ya moto, ndani ya dakika kumi tangu ichotwe. Maji haya yana chuma kilichoyeyuka. Yakikaa hewani chuma kinageuka kutu, na kutu ile inakusanya mafuta yenyewe kama shabu inavyokusanya tope la mtoni. Bika ya sifuri itatoka safi, utapunguza kemikali, na kesho mtambo utakuumbua. Ukiona maji yamegeuka rangi ya chai, mwaga uchote upya.

Kuna jambo jingine: je, kuna dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia ukoko wa chokaa zinazoingizwa juu ya tangi? Dawa ya kuzuia kutu ya kundi la amini ina tabia ya sabuni, na ikizidi inayafanya matone yasiungane. Ile ya ukoko mara nyingi ina chaji hasi. Ikikutana uso kwa uso na polima yenye chaji chanya zinashikana kuwa kitu kinachonata kama ulimbo, na zote mbili zinakufa kabla hazijafanya kazi. Zitenganishwe sehemu za kuingizia, na ziingizwe zikiwa zimepunguzwa makali. Jaribu kwenye bika zikiwemo dawa zote kwa viwango vya mtamboni, si polima peke yake.

Kisima_cha_Nne

Asanteni. Geji: kuingia bar 9.0, upande wa maji 6.2, upande wa mafuta 5.6. Dawa ya kutu inaingia kichwani mwa visima, ya ukoko inaingia mita mbili kabla ya polima. (Mbili tu, naona aibu kuandika.) Bika zimefanyika na dawa zote ndani: bora ilikuwa 4, na 15 ilikuwa mbaya kuliko sifuri.

Maji ya filta ya kuoshea, povu la seli za viputo na mafuta ya haidrosaikloni yote yanaingia tangi moja la mabaki, kisha yanarudishwa mbele ya sepereta.

MikroniKumi

Geji zinaongea. Chukua tofauti ya kuingia na upande wa mafuta, 9.0 toa 5.6, ni 3.4. Gawa kwa tofauti ya kuingia na upande wa maji, 9.0 toa 6.2, ni 2.8. Uwiano ni 1.2. Haidrosaikloni nyingi zinataka kati ya 1.6 na 2.0, ili asilimia 1 hadi 3 ya maji itoke upande wa mafuta. Kwa 1.2 ule uzi wa mafuta unaojikusanya katikati ya koni hauvutwi vya kutosha. Unakatika na kurudi kwenye maji. Kuna mtu ameibana valvu ya upande wa mafuta "asipoteze maji", au tangi la mabaki limeinuliwa sana, au matundu yameziba.

Matundu hayo yana kama milimita 2 tu. Kipande cha ukoko au donge la nta linatosha. Sasa ujanja wake: tundu moja likiziba, koni ile inaendelea kupitisha maji kama kawaida, ila haitoi mafuta hata tone. Inageuka bomba tu. Tano kati ya 16 zikiziba, karibu theluthi ya maji yako inapita bila kutibiwa na geji hazitakuonyesha waziwazi. Fungua chombo, chomoa koni zote, tazama kila tundu kwenye mwanga, zibua kwa waya laini wa shaba usiotanua tundu. Geji ya upande wa mafuta ipime pia kwa geji nyingine. Ikidanganya kwa nusu bar hesabu yote inaharibika.

Pipa_la_Tope

Wote mmesema kweli, ila kwa maoni yangu ugonjwa mkubwa umeandikwa kwenye sentensi yake ya mwisho: yote yanarudi mbele ya sepereta.

Fikiria kilicho ndani ya tangi hilo la mabaki: chembe za salfaidi ya chuma, mchanga mwembamba, nta, polima iliyozidi, dawa ya kutu. Chembe za salfaidi zina tabia mbaya ya kukaa kwenye ngozi ya tone, nusu ndani ya mafuta na nusu ndani ya maji, kama dagaa waliokwama kwenye wavu. Tone lililovaa koti hilo haliungani na mwenzake hata likae wiki. Unaliengua leo, unalirudisha kesho, mtambo hauna mlango wa kulitoa. Kila mzunguko linaongezeka, mpaka ndani ya sepereta unakuta tabaka nene jeusi kati ya mafuta na maji ambalo si hili wala si lile. Likifika kimo cha tundu la maji linashuka lote kwa mkupuo. Kama vipimo vyako vinaruka bila mpangilio, siku moja 120, siku nyingine 300, angalia hapo kwanza.

Mabaki yapewe tangi lake na njia yake. Yapashwe hadi nyuzi 70 au 80, yatiwe dawa ya kuvunja emulsheni (mchanganyiko wa mafuta na maji usioachana) iliyojaribiwa kwa mabaki hayohayo (dawa ya sepereta mara nyingi haifai), yatulie kama saa 24. Mafuta safi ya juu yarudi. Maji ya chini yarudi taratibu, kwa mtiririko mdogo usiobadilika, si kwa kuwasha pampu kubwa mara moja kwa zamu. Tabaka la kati lisirudi popote: liende kwenye mashine ya kuzungusha ya kutenganisha tope, au litolewe kama taka ya mafuta. Hapo ndipo watu wanapoona uchungu kwa sababu ndani yake bado kuna mafuta.

Tahadhari mkifungua tangi au filta. Salfaidi ya chuma ikikauka hewani inajiwasha yenyewe. Iwe imelowa muda wote, na tope likitolewa liwekwe kwenye mapipa yenye maji. Gesi ya salfaidi ya hidrojeni ipimwe kabla na wakati wa kazi. Pua si kipimo, kwa kuwa gesi hiyo ikizidi inaua uwezo wa kunusa kabla haijakuua wewe. Ukoko mgumu wa bariamu nao upimwe mionzi kabla ya kugongwa kwa nyundo, maana radiamu hujificha humo.

BikaSita

Neno fupi kuhusu vipimo, kwa sababu 35 yako inaweza isiwe 35. Mafuta hupimwa kwa njia tofauti na kila njia ina jibu lake. Miale ya infraredi kwa kiyeyusho cha tetrakloroethilini inahesabu vingi. ISO 9377-2 inatumia kromatografia ya gesi na inahesabu kaboni 10 hadi 40. Njia ya kupima uzito kwa heksani inapoteza mafuta mepesi wakati kiyeyusho kinapokaushwa. Ndiyo maana kikomo hakisomeki bila njia yake: mg 30 kwa lita ya wastani wa mwezi chini ya OSPAR (mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki), kwenye Bahari ya Kaskazini, haisemi kitu kilekile na 29 ya wastani wa mwezi na 42 ya siku moja ya Marekani kwa mitambo ya baharini.

Pia asidi za mafuta zilizoyeyuka ndani ya maji zinaweza kuhesabiwa kama mafuta usipopitisha sampuli kwenye jeli ya silika. Hizo hazishikwi na haidrosaikloni, viputo wala maganda ya jozi. Ukipima na silika ukapata 20 badala ya 35, basi 15 si kosa la filta.

Chupa iwe ya kioo, usiisuuze kwa maji ya sampuli, usiijaze ikafurika, wala usimwage kidogo "kusawazisha". Mafuta yanashika ukuta wa kioo. Kila unapomwaga unaacha mafuta na kutoa maji. Tia asidi hadi pH chini ya 2, na maabara itumie chupa nzima, kisha isuuze chupa hiyo kwa kiyeyusho na kukiunganisha na kingine.

Kisima_cha_Nne

Koni zimefunguliwa: matundu sita kati ya 16 yalikuwa yamezibwa na nta iliyochanganyika na ukoko. Faneli: kabla ya pampu yalibaki 70, baada ya pampu 155. Nikihamisha haidrosaikloni iwe mara tu baada ya sepereta, niache koni zote 16?

MikroniKumi

Hamisha, na valvu ya kimo iwe upande wa maji safi, baada ya haidrosaikloni. Presha ya sepereta inatosha, pampu inastaafu.

Kuhusu koni: kwa koni 16 na mita za ujazo 50 kwa saa unapoteza bar 2.8 upande wa maji. Hasara hiyo inakwenda na mraba wa mtiririko wa kila koni, kwa hiyo ukiziba mbili na kubaki na 14 inapanda hadi kama 3.7. Mzunguko unakuwa mkali zaidi. Kwa uwiano wa 1.7 upande wa mafuta unahitaji tofauti ya bar 6.2, yaani uutoe kwenye bar 1.8, unaofika tangi la mabaki bila taabu. Ukishuka hadi koni 12, hasara ni 5.0 na unahitaji 8.5, wakati sepereta ina 8 tu. Haiwezekani. Kwa hiyo 14, labda 13, na uzisome geji upya kwa sababu ile 2.8 ilipimwa matundu sita yakiwa yamefungwa.

Kidhibiti cha kimo kilegezwe. Sasa hivi kinafungua na kufunga kama mlango wa duka, na haidrosaikloni haipendi hivyo; acha kimo cha sepereta kicheze sentimita kadhaa ili mtiririko utulie. Kama kuna mchanga, weka kitenga-mchanga mbele, maana koni zinachimbika kwenye shingo na hutaiona hasara mpaka uzipime kipenyo.

Lile tangi la kuengulia usilitupe. Maji yakitoka valvu na kuingia humo, gesi iliyokuwa imeyeyuka kwa bar nne na kitu inatoka kwa viputo vidogo sana vinavyobeba mafuta juu, bila gharama yoyote. Hakikisha tundu la kutolea gesi linatosha kwa gesi hiyo mpya, na tangi liwe na blanketi la gesi, si hewa: oksijeni ikiingia utakula mabomba ya kisima cha kurudishia kwa kutu na kutengeneza chembe mpya za kuziba mwamba. Kwenye seli za viputo vilevile, gesi au naitrojeni, kamwe hewa. Engua kama asilimia 3 ya maji; ukiona povu jeusi zito linageuka kwenye ukingo na kuzama tena, pala za kuengulia ziko juu mno kuliko maji.

Pipa_la_Tope

Na memburani ya kauri, kwa kuwa ndilo lilikuwa swali: inakwenda vizuri ikipewa maji yasiyo na polima iliyozidi wala silika nyingi, na inahitaji kuoshwa kwa alkali kisha asidi, maji ambayo nayo yanahitaji pa kwenda. Ukiiweka leo nyuma ya mtambo huu, ule ulimbo utaipaka. Maganda ya jozi yakilishwa chini ya mg 50, kwa kasi ya mita 30 hivi kwa saa, yanaweza kufika chini ya 10 yenyewe. Yaliyoshikana madonge usijaribu kuyaokoa kwa kuyaosha mara nyingi zaidi. Badilisha maganda, kwa sababu polima iliyokauka juu yake haitoki.